Darasa la Sauti Mbili

Burl Maggard alisubiri mpaka Delphia alipomaliza kushusha gitaa lake garini, ndipo akamwambia. Alikuwa mkuu wa kambi ile ya muziki kwa miaka kumi na tisa, mtu mnene mwenye kofia ya majani, na kwa kawaida hakuwa na shida ya maneno. Jumamosi hiyo alianza kwa kusifu hali ya hewa.

"Burl," Delphia akasema, "umesimama kama mtu aliyemgonga mbwa wa jirani. Sema."

"Glenna amelazwa hospitali tangu juzi. Nyongo. Hatakuja wiki hii."

"Masikini. Basi nitafundisha peke yangu."

"Darasa la sauti mbili? Peke yako? Utaanzisha wimbo upande huu, halafu ukimbilie upande wa pili ujiitikie?" Alicheka kidogo, akaacha. "Nimempata mtu. Nimempata Imogene."

Delphia akaushika mlango wa gari. Chini ya mteremko wanafunzi walikuwa wakiburuta masanduku na ala zao kuelekea mabwenini, na tayari watu watatu wa fidla walikuwa wamekutana njiani wakaanza kupiga, masanduku yamewazunguka miguuni.

"Ulimwambia kwamba ni mimi?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza darasa ni saa ngapi."

Imogene alikuwa dada yake, amemzidi miaka miwili. Walizaliwa kwenye bonde jembamba la milima ya Kentucky ambako jua lilichelewa kufika na kuwahi kuondoka, baba yao mchimba makaa, mama yao mwimbaji wa kanisa dogo lisilokuwa na kinanda. Walilala kitanda kimoja mpaka Imogene alipoolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Waliimba pamoja kanisani, kwenye sherehe za shule, kwenye redio ya wilaya, na baadaye majukwaani kote milimani. Imogene alishika sauti ya kwanza na banjo; Delphia alipanda juu yake kwa sauti ya pili na gitaa. Walifanya hivyo miaka thelathini na minne. Watu walikuwa wakiyataja majina yao kwa pumzi moja, Delphia-na-Imogene, hata mmoja akionekana peke yake sokoni huulizwa mwenzake yuko wapi.

Kisha likaja jambo la Dalton.

Dalton alikuwa mtoto wa pekee wa Imogene. Alikuwa kijana wa mzaha, mpigaji mandolini mzuri, mkata miti kwa kazi. Mti ulimpiga mgongoni akiwa na miaka ishirini na mbili. Daktari akamwandikia vidonge vya maumivu, na mgongo ulipopona vidonge havikumwachia. Mama yake alikuwa safarini mara nyingi, akishika kazi za kupiga muziki hadi Tennessee, kwa hiyo Dalton akahamia kwa mama yake mdogo. Delphia alimpokea kwa moyo mweupe. Lakini wakati huo huo mumewe, Estill, alikuwa kitandani akifa kwa mapafu yaliyojaa vumbi la mgodi, na dawa ya kumtuliza ilikuwa katika kabati la jikoni. Siku moja Dalton akaichukua yote. Estill alilia siku mbili mchana na usiku mpaka muuguzi alipoweza kufika na nyingine. Delphia akaziweka nguo za kijana kwenye mfuko, akauweka mfuko kibarazani, akafunga mlango.

Estill alizikwa Januari. Dalton alikuja mazishini akasimama nje ya uzio wa makaburi.

Mwezi uliofuata Imogene alimpigia Delphia simu. Dalton alikuwa amesema amechoka, yuko tayari kwenda kutibiwa. "Nimemwambia anisubiri kwako. Nitafika asubuhi. Mfungulie, Delphia. Usiku mmoja tu." Na Delphia akajibu, "Nitamfungulia."

Asubuhi Dalton alikutwa ndani ya pikapu yake kwenye maegesho ya duka lililofungwa, chini ya kilima, nusu maili kutoka kwa Delphia. Alikuwa amekwisha kufa, vidonge vimemzidi.

Delphia alimwambia dada yake kwamba alipitiwa na usingizi kwenye kochi, kwamba tangu kumuuguza Estill alikuwa hajapata usingizi wa maana, kwamba hakusikia mtu kugonga. Imogene alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Tangu siku ile hakumsemesha tena, na sasa ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi mitano.

Lakini Delphia hakuwa amelala. Duniani hakuna aliyelijua hilo ila yeye.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi wanafunzi kumi na wanne waliketi nusu duara kwenye viti vya kukunja. Walikuwa watu wazima karibu wote, wafanyakazi waliokula likizo yao kwa ajili ya wiki ile. Imogene aliingia na banjo lake mgongoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Alisema "Habari za asubuhi" kwa darasa zima, akaketi kiti cha kulia kama alivyokuwa akiketi siku zote.

"Tuwaonyeshe kwanza," aliwaambia wanafunzi, na bila kumtazama Delphia akaanza wimbo wa mama yao, wa wapenzi wawili na mto uliofurika.

Delphia alikuwa ameogopa kwamba sauti yake ingegoma. Haikugoma. Ilipanda ikakaa pale pale ilipozoea kukaa, juu kidogo ya sauti ya dada yake, na zile sauti mbili zikashikana kana kwamba hazikupotezana hata siku moja. Walivuta pumzi pamoja. Walikata maneno pamoja. Walipomaliza, mama mmoja katika wanafunzi alikuwa amejishika kifua.

"Basi nirudishiwe nauli yangu," akasema Wendell Pruitt, mstaafu wa posta kutoka Ohio, mwanafunzi wao wa miaka ya nyuma. "Hilo mimi siliwezi hata nikikaa hapa mpaka nife."

"Utaliweza," Imogene akamwambia. "Shida yako tunaifahamu, bwana Wendell. Sauti yako huwa inatangulia kufika. Jifunze kuingoja ya mwenzako pale mlangoni."

Darasa likacheka. Delphia naye akacheka, kisha akaona dada yake amemsikia akicheka, akanyamaza.

Siku hiyo na ya pili yake Imogene alimsemesha kwa njia ya darasa tu. "Mwenzangu hapa atawaonyesha sauti ya juu." "Mwenzangu ataanza." Delphia aliyapokea maneno hayo kama mgonjwa anavyopokea uji, kijiko kwa kijiko. Chumbani kwake alijikuta akichagua blauzi ya kesho.

Jumatano asubuhi mwanafunzi mmoja alimuuliza Imogene kwa nini alichagua banjo.

"Nilitaka fidla," Imogene alijibu. "Baba akasema mbwa hawatakubali. Banjo lilipoingia nyumbani mbwa walikuwa wameshakata tamaa."

"Si kweli," Delphia akaropoka. "Yule mwekundu alihama."

"Alihamia kwa mchungaji," Imogene akasema.

"Akabatizwa."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza. Wanafunzi walikuwa wakicheka, Wendell akijipiga paja, na kwa kitambo kidogo walikuwa tena wasichana wawili kwenye kitanda kimoja, blanketi usoni ili mama asiwasikie. Mchana, kwenye ukumbi wa chakula, Imogene alikaa meza ya Delphia. Palikuwa na maharage na mkate wa mahindi. Imogene akasukuma sahani ya siagi upande wake bila kuombwa, na Delphia, ambaye hakuwa na njaa hata chembe, akala vipande vitatu ili apate kuipaka.

*

Baada ya chakula kambi ilipumzika. Delphia alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha kibanda chake aliposikia hatua kwenye changarawe. Imogene alikuja na banjo na pakiti ya nyuzi mpya, akaketi kiti cha pili, akaanza kuutoa uzi uliochakaa.

"Delphia," akasema.

Miaka mitatu na miezi mitano hakuwa amelitaja jina hilo.

"Abee, dada."

"Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Burl aliponipigia simu nilitaka kumkatalia. Kisha nikafikiri njia nzima kutoka Tennessee, maili mia tatu, redio nimeizima." Aliuzungusha ule uzi kidoleni. "Ulimuuguza Estill miezi minane. Huli, hulali. Mwanangu akaja akamwibia dawa mtu anayekufa. Ndiyo, nalijua hilo, usidhani nimelisahau. Halafu nikakutwisha na mzigo mwingine kwa simu. Mtu aliyechoka namna ile hata nyumba ikimwangukia hasikii. Kulala si kosa."

"Dada."

"Ngoja nimalize, nikiacha sitarudia. Nilikuhukumu kwa sababu ya usingizi. Nilitafuta mtu wa kumchukia, wewe ulikuwa karibu. Nimekuja kukuomba radhi, mdogo wangu." Akaweka mkono wake juu ya goti la Delphia, mkono wenye vidole vigumu vya mpiga banjo. "Basi."

Delphia akautazama ule mkono. Alichotakiwa kusema kilikuwa neno moja, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Yameisha, dada. Akaiona miaka iliyobaki yote kwa mpigo: Jumapili mezani, simu za jioni, wao wawili jukwaani mpaka watakapokuwa vikongwe wa kushikwa mikono kwenye ngazi. Kila kimoja kilikuwa pale, karibu kama siagi. Na akajiona akiketi katikati ya yote hayo, akiombwa msamaha kila mwaka na mtu aliyestahili kuombwa yeye.

"Sikuwa nimelala," akasema.

Imogene hakuuondoa mkono. "Unasemaje?"

"Siku ile. Sikuwa nimelala. Nilikudanganya, dada. Nilimsikia."

Kwa mbali, mtu alikuwa akifanya mazoezi ya mandolini, anakosea mahali pale pale, anaanza upya. Imogene akauvuta mkono wake taratibu, akaurudisha juu ya banjo.

"Alisema nini?"

"Dada, tafadhali."

"Alisema nini, Delphia? Ni maneno yake ya mwisho, na wewe umeyakalia miaka mitatu. Nipe. Ni yangu."

Delphia akampa. "Alisema, 'Mama mdogo, ni mimi. Nje kuna baridi. Nataka kunawa uso tu kabla mama hajafika.'"

"Aligonga mara ngapi?"

"Mara tatu. Halafu akaketi kwenye ngazi. Niliiona kofia yake kupitia pazia. Alikaa kama robo saa. Halafu nikasikia pikapu inawashwa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango. Nimeshika kitasa."

"Umeshika kitasa," Imogene akarudia.

"Nilikuwa bado namsikia Estill akilia. Kila nilipotaka kukizungusha, nilimsikia Estill. Nikasema moyoni, acha akae kidogo, na yeye aonje mateso kidogo. Nilidhani ni kidogo tu, dada. Nilidhani atagonga tena."

Imogene hakulia. Aliupachika uzi mpya, akaukaza, akaupiga kwa kidole gumba, akausikiliza, akaukaza tena mpaka ukakaa sawa. Vidole vilikuwa vikifanya kazi vyenyewe. Kisha akasimama.

"Alitaka nimkute msafi," akasema, si kwa Delphia hasa.

Akashuka ngazi. Pakiti ya nyuzi ilibaki kitini, na Delphia hakuthubutu kumwita airudie.

*

Alhamisi Delphia aliamini atawakuta darasani wanafunzi tu. Lakini saa tatu kamili Imogene aliingia, macho yamevimba, akasema "Habari za asubuhi," akaketi kiti cha kulia. Akafundisha vizuri kuliko siku zote. Akawaendea wanafunzi mmoja mmoja, akawasimamisha wawili wawili wakitazamana, akawashika mabega waone pumzi ya mwenzao inapoanzia. Neno "mwenzangu" hakulitumia tena. Alisema, "Sauti ya juu ianze," na sauti ya juu ikaanza.

"Walimu," Wendell akauliza mwishoni, "mnafanyaje? Mnafumba macho wote wawili, na bado mnavuta pumzi pamoja."

Delphia akangoja. Imogene alikuwa akiliweka banjo ndani ya kasha.

"Hatufanyi kitu," Imogene akajibu. "Mwili umezoea. Hauulizi mtu."

Maonyesho ya wakufunzi yalikuwa Ijumaa saa kumi jioni, kwenye banda lililo wazi pande zote. Wanafunzi wote wa kambi walikuwepo, na watu wa vijiji vya jirani walileta viti vyao wakakaa kwenye nyasi. Burl alikuwa amewapangia nafasi ya mwisho. Delphia alipanda jukwaani peke yake, akarekebisha kipaza sauti, na hakujua kama angeimba peke yake au la, mpaka ubao wa jukwaa ulipolia nyuma yake na Imogene akasimama kulia kwake.

Waliimba nyimbo mbili zilizopangwa. Ya tatu Imogene aliianzisha mwenyewe, ule wimbo wa mto uliofurika, na aliuanzisha polepole kuliko desturi. Delphia akaingia juu yake. Hakupata kuimba vile, kabla wala baada. Kila alichoshindwa kukisema kibarazani alikipeleka juu kwa sauti ile ya pili, na sauti ya dada yake ilikuwa chini yake, imetulia, imembeba, haikumwacha ateleze hata neno moja. Walipofika kwenye kiitikio cha mwisho Delphia hakutaka kiishe. Akakirudia. Imogene akamfuata. Akakirudia tena, na watu wa banda wakafikiri ni madoido, wakaanza kupiga makofi. Akawa anakirudia mara ya nne, machozi yanamwingia mdomoni, Imogene alipouinua mguu wake mmoja kidogo mbele, kama wapigaji wote wa milimani wanavyofanya kuwajulisha wenzao kwamba sasa inatosha. Delphia aliuona ule mguu. Wakamaliza pamoja, barabara, kwenye neno moja.

Watu waliinuka wote. Wendell alikuwa akilia waziwazi kama mtoto. Burl akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, akasema kwa furaha, "Nilijua! Nilijua mkiimba tu yatakwisha!"

Delphia alimkuta dada yake kwenye gari, ameshapakia kila kitu.

"Dada, kula kwanza. Wamechoma nyama."

"Njia ni ndefu."

"Nisingeweza kuupokea ule msamaha. Ulikuwa unaniomba radhi mimi. Ningeupokeaje?"

Imogene alifunga buti, akabaki ameliegemea.

"Najua," akasema. "Ni haki yako kuusema ukweli, na mtu mwingine angekusifu. Lakini ungeniachia ule usingizi, Delphia. Ilinichukua miaka mitatu kuuamini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeuzoea." Akafuta uso kwa kiganja. "Tukiimba, sikuchukii. Nilitaka ulijue hilo. Nilisubiri nione kama itatokea leo pale juu, chuki, na haikutokea. Tukinyamaza tu, namwona kwenye zile ngazi na kofia yake."

"Basi tuimbe," Delphia akasema. "Tuimbe tu, dada, hata tusisemeshane."

"Mtu haimbi siku nzima," Imogene akajibu. Hakulisema kwa ukali. Akaingia garini, akafunga mkanda, akaondoka taratibu ili asiwatimulie vumbi watu waliokuwa wakila.

*

Miezi ikapita. Delphia aliandika barua mbili; hazikurudishwa wala hazikujibiwa. Masika yalipofika Burl alimpigia simu kupanga kambi. Imogene alikuwa amekubali kufundisha tena, alisema, ila banjo tu, na wiki ya pili. Delphia angekuwa wiki ya kwanza na Glenna, ambaye alikuwa amepona. Burl aliona haya kulisema, na Delphia akamsaidia. "Ni sawa, Burl. Kila mmoja na wiki yake."

Alifundisha wiki ile. Glenna alikuwa mwimbaji mzuri, mwenye sikio na subira, na wanafunzi walifurahi. Mara moja au mbili Delphia alivuta pumzi kabla ya wakati, akiingoja pumzi nyingine, akajirudi.

Wakufunzi wa wiki ya pili walikuwa wakifika Jumamosi saa sita mchana, na kibanda cha Delphia ndimo Imogene angelala. Alikuwa ameliona jina kwenye orodha ofisini. Basi Jumamosi aliamka mapema, akafua shuka akazianika juani, akafagia mpaka chini ya kitanda, akasugua sinki. Akatandika kitanda, akakunja blanketi miguuni kwa namna ya mama yao, pembe imegeuzwa nje. Mezani akaacha chupa ya jemu ya beri nyeusi aliyoipika mwenyewe. Hakuandika karatasi yoyote. Saa nne alikuwa ameshaondoka kwa barabara ya nyuma.

Alikaa siku tisa kabla ya kumpigia Burl simu. Alimuuliza habari za mvua, za mahudhurio, za paa la banda. Kisha akauliza, "Imogene alikaa kile kibanda?"

"Alikaa. Wiki nzima."

"Na ile jemu?"

"Aliileta ukumbini asubuhi ya Jumapili. Akaiweka kwenye meza ya wanafunzi."

"Yote?"

"Yote, Delphia. Waliipenda sana."

Delphia akamshukuru, akamwambia amsalimie mkewe, akaweka simu chini.